Zamu Katika Mashine ya Ushirika

Mhadhara juu ya kufungua kikao cha mazungumzo katika klasta ya kompyuta, uliotolewa Muhokya, wilaya ya Kasese



Muhokya yetu imekaa baina ya mlima na ziwa, Rwenzori upande wa magharibi na Ziwa George upande wa mashariki, na barabara itokayo Kasese hupita kati yake ikiendelea hadi Kikorongo, ambako hugawanyika, mkono mmoja ukaelekea Katunguru na Mbarara, na mwingine ukapinda kwenda Bwera na Mpondwe penye mpaka wa Kongo. Watu wa miji mikuu, wakipajua kabisa mahali hapa, hupajua kwa chokaa, na tangu mafuriko ya mto Nyamwamba ya Mei 2020, kwa kambi ya watu waliopoteza makao yao. Mimi natamani pajulikane kwa jambo la tatu, nalo ni kwamba vijana wake huketi mbele ya kompyuta ndogo, na kutoka hapa hapa wakaendesha hesabu kubwa katika mashine zilizoko Nairobi, Entebbe au Cape Town, bila ya kuwa duni kwa wenzao wanaokaa jengo moja na mashine hizo.

Muradi wa mhadhara huu ni mdogo kwa sura. Nataka kueleza jinsi mtu afunguavyo kikao cha mazungumzo katika klasta, yaani jinsi aombavyo sehemu ya mashine iliyo mali ya watu wengi, akapewa, akaketi nayo akiamrisha na kujibiwa papo kwa papo, kisha akairudisha. Kwa aliyezoea, ni amri ya mstari mmoja. Walakini nasadiki kwamba mstari huo mmoja ndio kizingiti cha elimu yote hii, na kwamba wengi waliojikwaa walijikwaa pale, kwa sababu walipewa mstari waunakili, wala hakuna aliyewafasiria kila neno lake limewekwa kwa haja gani na lina haki gani juu ya watu wengine.

Nianze na ng'ombe, kwa kuwa kwao haja yetu ni dhahiri. Malisho yetu yapakana na hifadhi ya Queen Elizabeth, na ng'ombe wa Wasongora, wafugaji wa hapa, hula majani ya ardhi ambayo nyati nao huipita. Kupe wa rangi ya hudhurungi, apendaye kukaa masikioni mwa ng'ombe, hubeba kijidudu kiitwacho Theileria parva, ambacho huleta ndigana kali, maradhi yauayo mifugo katika Afrika ya Mashariki yote. Na nyati hukaa na kijidudu hicho katika damu yake siku zote, aghalabu bila ya kuugua. Iko chanjo iliyotengenezwa Muguga, nchini Kenya, ambayo humtia ng'ombe vijidudu vilivyo hai pamoja na dawa ya kuvizuia, ili augue kidogo na apate kinga, na chanjo hiyo imeokoa mali nyingi za wafugaji; lakini imedhihirika pia kwamba pale ng'ombe walishapo pamoja na nyati, kinga yake huweza kushindwa, kwa sababu vijidudu vitokavyo kwa nyati ni vya namna nyingi na hutafautiana na vile vilivyomo katika chanjo. Basi mfugaji wa Muhokya aulizapo, je, ndama wangu wameuawa na kijidudu cha ng'ombe au cha nyati, anauliza swali ambalo jibu lake limo katika herufi za urithi za kijidudu kile, na herufi hizo hazisomeki kwa jicho.

Jenomu ya Theileria parva, yaani jumla ya herufi zake za urithi, ilichapishwa mwaka 2005, kwa kazi ya watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, iliyoko Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa Marekani. Ina kromosomu 4 na takriban herufi milioni 8.3, na hesabu ya kiasi hicho kompyuta mpakato iliyo nzuri yaimudu. Mushkili ni kwamba damu ya ng'ombe mgonjwa haina kijidudu peke yake; ina ng'ombe mwenyewe, na jenomu ya ng'ombe, iliyochapishwa mwaka 2009, yakaribia herufi bilioni 3. Mashine ya kusoma urithi hutoa vipande vifupi, mamilioni kwa mamilioni, vya huyu na vya yule vikiwa vimechanganyika, na kazi ya kwanza ya mchunguzi ni kukilinganisha kila kipande na jenomu zote mbili apate kujua ni cha nani. Hapo kompyuta mpakato huhema, kumbukumbu yake ikajaa, nayo ikasimama. Na mchunguzi hana ng'ombe mmoja, ana mamia.

Ndugu zetu wa Bwera wana sababu nzito zaidi. Tarehe 11 Juni 2019, Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, iliyoko Entebbe, ilithibitisha kwamba mtoto wa miaka 5 aliyevuka mpaka kutoka Kongo pamoja na jamaa zake, akapelekwa hospitali ya Kagando na kisha akahamishiwa Bwera, alikuwa na Ebola. Waliompokea na kumwuguza walikuwa watumishi wa wilaya hii, waliosimama karibu naye ilhali wanajua hatari yake. Damu yake ilisafiri hadi Entebbe, na ilistahili kusafiri, kwa kuwa maabara ya namna ile ni ghali wala haijengwi kila mahali. Lakini yale yatokayo katika maabara yakiisha kuwa maandishi ndani ya kompyuta, hayana tena maambukizo wala hayahitaji chumba cha ulinzi. Aketiye Bwera aweza kuyahesabu sawasawa na aketiye Entebbe au Geneva. Sioni kwa nini watu waliobeba hatari ya ugonjwa wasiwe na fungu katika kuufahamu, na kwangu mimi hiyo ndiyo sababu iliyo kubwa kuliko zote ya kuisomesha elimu hii hapa.

Klasta, basi, ni kompyuta nyingi zilizofungamanishwa kwa mtandao wa kasi zipate kufanya kazi kwa umoja, na kila mojawapo huitwa nodi. Mwaka 1994 Thomas Sterling na Donald Becker, katika kituo cha Goddard cha NASA huko Marekani, waliunganisha kompyuta 16 za namna ya kawaida, wakaiita mashine yao Beowulf, na kutoka siku hiyo ikajulikana kwamba nguvu ya hesabu iliyokuwa milki ya dola tajiri yaweza kupatikana hata kwa taasisi ya kiasi. ILRI ina klasta yake Nairobi. Entebbe zimo mashine za kitengo cha utafiti kilichoshirikiana na taasisi ya virusi niliyoitaja. Kampala, Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Makerere ina kituo chake cha hesabu za urithi. Na Cape Town iko mashine kubwa iitwayo Lengau, iliyozinduliwa mwaka 2016. Hatuishi, kwa hiyo, katika jangwa. Mashine zipo, na baadhi yake ziko karibu nasi kuliko bahari.

Kazi hupelekwa klasta kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuandika maagizo yote katika skripti, ukaikabidhi, ukaenda zako, nayo ikangoja zamu yake na kufanyika hata kama umelala. Ya pili ni kikao cha mazungumzo: unapewa nodi, unaandika amri, unaona jibu, unaandika nyingine kwa kadiri ya ulichokiona. Mtu wa leo hudhani hii ya pili ndiyo ya asili, kwa sababu amekulia na simu mkononi. Lakini watu wa kompyuta za mwanzo hawakuijua. Walitoboa kadi, wakazikabidhi kwa wasimamizi wa mashine, wakarejea baada ya saa nyingi au kesho yake kupokea jibu, na jibu lenyewe mara nyingi lilikuwa kwamba kosa la alama moja limeiharibu kazi yote. Mwezi wa Novemba 1961, katika chuo cha MIT, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioiwezesha mashine moja kuwahudumia watu kadhaa kwa zamu za vipande vidogo vya sekunde, hata kila mmoja akadhani mashine ni yake. Kikao tukifunguacho sisi kimetokana na fikira ile, ila kwamba katika klasta hugawiwi vipande vya sekunde. Unakatiwa fungu zima la viini vya prosesa na la kumbukumbu, likawa lako peke yako kwa muda uliotajwa.

Na hapa ndipo adabu inapoingia. Mkulima wa mradi wa umwagiliaji wa Mobuku, hapo kaskazini mwetu, anafahamu kwamba maji ya mito Mobuku na Sebwe yakiingia mferejini si ya aliye karibu na lango, bali ni ya wote kwa zamu, na kwamba anayeacha mlango wa shamba lake wazi baada ya udongo kushiba hamdhuru mto, humdhuru jirani yake aliye chini. Katika klasta mgawa maji ni programu ya kupanga zamu. Itumikayo mahali pengi, ILRI ikiwemo, ni ile iitwayo Slurm, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika maabara ya Lawrence Livermore huko California. Cape Town hutumia nyingine, iitwayo PBS, ambayo kwayo kikao huombwa kwa amri ya qsub -I. Majina hutafautiana, shauri ni lile lile: mtu hajichukulii, huomba, na haombi kwa jumla, huomba kwa kipimo.

Safari huanza kwa kuingia. Amri yake ni ssh, kazi ya Mfini Tatu Ylönen, aliyeitunga mwaka 1995 baada ya wezi kuzidukua nywila katika mtandao wa chuo chake huko Ufini. Kwayo kila neno lipitalo baina ya kompyuta yako na klasta hufichwa. Ukiisha kukubaliwa, hufikishwa katika nodi ya kuingilia, na napenda sana vijana wetu waishike nukta hii: hapo ulipofika si mahali pa kazi. Nodi ya kuingilia ni ya kuhariri maandishi, kupanga mafaili na kuomba zamu, na watumiaji wote huipitia hiyo hiyo moja. Mtu akianza kulinganisha jenomu hapo, wenzake wote huona herufi zao zikichelewa kutokea, na msimamizi hana budi kuiua kazi yake. Mwanafunzi asiyeambiwa hivi hufanya kosa hilo siku ya kwanza bila ya nia mbaya, akapokea barua ya ukali, akaona haya, asirudi tena. Na lawama ni ya mwalimu.

Kabla ya kuomba, tazama. Amri ya sinfo huonyesha nodi zilizopo na zilizo huru. Amri ya squeue huonyesha nani anafanya kazi na nani anangoja. Kisha ndipo huandikwa ombi, kwa mfano hili:

srun --cpus-per-task=4 --mem=16G --time=02:00:00 --pty bash

Nalifasiri neno kwa neno, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. La kwanza, srun, ni kumwambia mpangaji kwamba nataka kazi ianzishwe. La pili laomba viini 4 vya prosesa. La tatu laomba gigabaiti 16 za kumbukumbu, la nne laomba muda wa saa 2, na maneno ya mwisho yataka dirisha la amri lifunguliwe katika nodi nitakayopewa, liunganishwe na kiwambo changu, nipate kuandika na kujibiwa. Zipo klasta ambazo wasimamizi wake wamewarahisishia wageni kwa amri fupi. Mwongozo wa ILRI, mathalan, una amri iitwayo interactive, ambayo huomba kikao kwa niaba yako, na unaeleza kwamba vikao vya namna hiyo havizidi saa 8, na mwenye kazi ndefu zaidi aandike skripti. Naona kanuni hiyo ni ya haki, na hata pale isipoandikwa ningemshauri mtu aishike, kwa kuwa hakuna mwanadamu anayezungumza na mashine kwa uangalifu kupita saa 8.

Viini vingapi? Jibu halitokani na tamaa, hutokana na programu yenyewe. Programu nyingi hutumia kiini kimoja tu isipokuwa zimeamriwa vinginevyo, na aombaye viini 32 kwa programu ya kiini kimoja hapati wepesi wowote, ila amewanyima wengine 31. Mtu huyo akikaa saa 8, ameifungia jamii saa 256 za prosesa ili atumie 8. Hakuna kengele iliyopigwa, hakuna mtu aliyelalamika, na yeye mwenyewe hana habari. Lakini mahali fulani mwenzake mwenye damu za ng'ombe 300 alikuwa akingoja.

Kumbukumbu ina hatari mbili zinazokabiliana. Ukiomba chache kuliko zitakazohitajika, kazi yako huuawa pale ipitapo mpaka, mara nyingi kwa ujumbe mfupi ambao mgeni haufahamu, naye akadhani programu ni mbovu. Ukiomba nyingi kupita kiasi, unawafungia wengine hata viini usivyovitaka: tuseme nodi ina viini 64 na gigabaiti 256, nawe umeomba kiini kimoja na gigabaiti zote, viini 63 vitakaa bure, kwa kuwa kiini bila ya kumbukumbu hakifai kitu. Njia ya kujua kiasi ni kujaribu kwa kipande kidogo, nami nitalirejea jambo hili.

Muda nao una siri ambayo wanafunzi huifurahia wakiisha kuijua. Mpangaji hapangi kwa kufuata tu nani alitangulia, hutazama mianya. Kazi kubwa ikingoja nodi 10 zifunguke, na nodi 3 zimekwisha funguka ilhali 7 zilizobaki zitafunguka baada ya saa 3, mpangaji aweza kukupitisha wewe uliyeomba saa 2 tu, kwa sababu utakuwa umekwisha ondoka kabla ya mwenye haki kufika. Aliyeomba siku nzima kwa kuwa hakujisumbua kukadiria hapiti katika mwanya huo. Kwa hiyo mtu mkweli katika ombi lake aghalabu hupokewa mapema. Ni mojawapo ya mahali pachache katika mambo ya dunia ambapo ukweli hulipwa siku ile ile.

Ukiisha kutuma ombi, hungoja. Katika squeue utaona herufi PD mbele ya kazi yako, na sababu yake: kwamba rasilimali hazijapatikana, au kwamba wako wenye kipaumbele kuliko wewe. Usitume ombi la pili na la tatu kwa kukosa saburi, maana yote yataingia foleni na yote huenda yakafunguka. Zamu ikifika, PD hugeuka R, na jina la nodi kwenye mstari wako wa amri hubadilika. Litazame jina hilo, uandike hostname ukipenda kuhakikisha, kwa kuwa kuna watu waliodhani wamo katika kikao ilhali wangali langoni.

Sasa nije kwa jambo lituhusulo sisi kuliko watu wa Nairobi. Kikao cha mazungumzo ni uzi uliovutwa kutoka kidole chako hadi nodi ya mbali, na uzi huo ukikatika, umeme ukizimika au mtandao ukianguka, kikao kwa kawaida hufa pamoja na kila kilichokuwa kikifanyika ndani yake. Kabla ya mwaka 2009 hali ilikuwa ngumu zaidi: Afrika ya Mashariki ilitegemea setilaiti zilizo juu kiasi cha kilomita 36,000, na herufi moja kupanda, kushuka, na jibu lake kupanda na kushuka tena, ni safari nne za kimo hicho, karibu nusu sekunde kwa herufi. Hesabu ya foleni yavumilika kwa hali hiyo, mazungumzo hayavumiliki. Nyaya za baharini zilipofika pwani, TEAMS na SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, na mtandao wa vyuo vya Uganda uitwao RENU ulipoendelea kuenea, nusu sekunde ile ikawa sehemu ndogo ya sekunde ambayo kidole hakiihisi. Uchelewaji umeondoka, ukatikaji umebaki, na hapa kwetu haujapungua vya kutosha.

Dawa yake ni programu iitwayo tmux, au ile ya zamani zaidi iitwayo screen. Ukiisha kuingia katika nodi ya kuingilia, kabla ya kuomba kikao, fungua tmux, kisha uombe kikao ukiwa ndani yake. Uzi wa kutoka nodi ya kuingilia hadi nodi ya kazi hautakuwa tena mikononi mwa kompyuta yako, utashikwa na tmux iliyoko huko huko. Umeme wa Muhokya ukizimika, wewe utabaki gizani, lakini kikao chako Nairobi hakitajua. Na ukirejea, hata ikiwa kwa kompyuta nyingine huko Bwera, utaandika tmux attach, na kila kitu kitakuwa pale ulipokiacha. Mwongozo wa mtu wa Nairobi waweza kulitaja jambo hili mwishoni kama nyongeza. Mwongozo utakaoandikwa kwa ajili ya Kasese sharti uliweke ukurasa wa kwanza. Ila tahadhari, kwa kuwa kikao kisichokufa ndicho pia kikao kinachosahauliwa: muda wake huendelea kuhesabiwa na fungu lake huendelea kufungwa, uwepo usiwepo.

Ukiwa ndani, ufanye nini? Mimi nina rai thabiti katika hili: kikao cha mazungumzo ni cha kujifunza na kujaribu, si cha kumaliza kazi. Pakia programu uitakayo, mara nyingi kwa amri ya module load, kisha uchukue kipande kidogo cha data. Mafaili ya vipande vya urithi ya namna ya FASTQ hutumia mistari 4 kwa kila kipande. Basi mistari 400,000 ya mwanzo hukupa vipande 100,000, navyo vyatosha kukuonyesha kama amri yako ni sahihi, kama jenomu uliyoitaja ndiyo, kama matokeo yanaandikwa pale ulipotaka. Fanya kosa, ulione, ulisahihishe, ulifanye jingine. Hapa katika mazungumzo ndipo mtu huifahamu data yake: huona kwamba vipande vya ng'ombe ni vingi mno kuliko vya kijidudu, hushangaa, huuliza kwa nini, hutazama damu nyingine. Fahamu ya namna hii haipatikani kwa kutuma skripti ya mtu mwingine na kungoja faili, na kwa sababu hiyo siafikiani na waalimu wanaotaka mwanafunzi aanze na skripti siku ya kwanza kwa kuwa ndiyo iktisadi. Ni iktisadi ya mashine. Fikira ya mwanafunzi nayo ina hesabu yake.

Lakini majaribio yakiisha kufaulu, kikao kimemaliza kazi yake. Andika exit, fungu lirudi kwa wenyewe mara hiyo hiyo, wala usingoje saa zako zimalizike. Kisha, ukiwa langoni, andika sacct pamoja na namba ya kazi yako, ukitaka ionyeshwe MaxRSS, nayo itakuambia kumbukumbu iliyotumika kwa kilele chake. Kama uliomba gigabaiti 16 na kilele kilikuwa 5, sasa unajua. Kwa data nzima utajaribu tena kwa faili moja kamili, utapima tena, na ombi lako la kweli litakuwa na msingi. Amri zile zile ulizozijaribu huandikwa katika skripti, pamoja na viini, kumbukumbu na muda ulivyovipima, na skripti hukabidhiwa kwa sbatch. Damu 300 zitapangwa foleni, zitapita moja moja au kumi kumi kwa kadiri ya nafasi, nawe huna haja ya kukaa mbele ya kiwambo.

Klasta nyingi zina daftari la kila mtumiaji. Aliyetumia sana siku za karibuni hushuka kipaumbele, na aliyekuwa hajatumia hupanda, ili mwenye maabara kubwa asimmeze mwenye swali moja. Nalitaja hili kwa ajili ya vijana waliozoea kudhani kwamba mtu wa pembeni hawezi kushinda foleni: kwa mpangaji, akaunti ya mtu wa Muhokya ambayo haijatumika ina haki ya kutangulia mbele ya akaunti ya profesa iliyotumika wiki nzima.

Imebaki namna ya kuipata akaunti yenyewe. Haitolewi kwa mtu asiye na kazi inayojulikana, na hilo ni sawa, kwa kuwa mashine ni amana. Hutolewa kwa mtafiti, au mwanafunzi aliye chini ya mtafiti, mwenye mradi ulioandikwa. Kwa hiyo nawaomba waalimu wa sayansi waliopo hapa, na afisa wa mifugo wa wilaya, na wauguzi wa Kagando na Bwera, waliandike swali lao kwa maneno ya wazi, damu zipi, za ng'ombe wangapi au wagonjwa wangapi, kwa ruhusa ya nani, na walipeleke kwa chuo kilicho na ushirika na mojawapo ya taasisi nilizozitaja, wakitaja jina la kijana atakayeketi na hesabu hizo hapa wilayani. Kijana huyo, wakati barua ikingojewa, anaweza kujizoeza: kompyuta yoyote yenye Linux humfundisha amri za kawaida pamoja na tmux, na hata Slurm yenyewe ni programu huru, yaweza kuwekwa juu ya kompyuta mbili kuukuu za maabara ya shule, zikawa klasta ndogo yenye foleni ya kweli na mpangaji wa kweli. Na siku akaunti itakapokuja, ombi lake la kwanza liwe kiini 1, gigabaiti 4, na saa 1. Alitumie, alipime, na la pili atalijua mwenyewe.